Karatasi ya Kaboni

Tulishinda uchaguzi, na theluji ya kwanza ikaangukia Helsinki.
Ofisini mwa chama, orofa ya pili, wakulima walivua buti mlangoni
kama waendao kusali, wakachekana soksi zilizotoboka,
na mwenyekiti Vaskela akanibusu utosini, mimi mpiga chapa tu,
akasema: Hilkka, tia karatasi, tunaandika serikali.

Nikatia nyeupe, kaboni, nyeupe.
Majina kumi na matano. La nne lilikuwa la Armas Hyttinen,
Wizara ya Biashara. Mtu wa Karelia,
aliyeacha ng'ombe kumi na mmoja na kaburi la mamaye
usiku ule mpaka ulipohama
ukawapita watu wamelala.
Hakujua kunyamaza. Bungeni aliwahi kusema,
"Jirani hachaguliwi, sawa. Lakini mlango wangu je?"
Wakampigia makofi. Nami nilipiga, nakumbuka.

Balozi hakukataa. Nataka hili lieleweke.
Hakuandika barua, hakugonga meza.
Alialikwa chajio, hakuja, basi;
samaki akapoa, kiti chake kikatutazama.
Wiki ile mabehewa thelathini ya siagi yetu
yakalala mpakani: hati hazijakamilika.
Wiki ya pili viwanda vya meli vikaanza kuhesabu watu
wa kubaki na wa kwenda.
Rais akamwita Vaskela sauna, wawili tu, mvuke na mti wa birchi,
naye akarudi usiku na nywele mbichi
kama mtu aliyeoshwa, si aliyeoga.

Hilkka, tia karatasi.
Majina kumi na manne, na pengo.

Baada ya orodha ya pili simu ililia.
Baada ya ya tatu ililia mara moja, ikakatika.
Baada ya ya nne haikulia kabisa,
na hapo ndipo nilipoogopa:
Vaskela aliuinua mkono wa simu mwenyewe,
akausikiliza ule mlio mtupu, akaitikia kwa kichwa,
ndiyo, ndiyo, naelewa,
kisha akamfuta Ollila wa Elimu, kijana mpole
aliyewahi kucheka, miaka sita nyuma,
kwenye maonyesho ya matrekta yao.

Hakuna aliyemwomba.
Ikulu ilisema, hayo ni ya chama.
Chama kilisema, hayo ni ya ikulu.
Na wote wawili walipogeuka mashariki
mashariki kulikuwa kumetulia, mtu anapiga miayo.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, husema wahenga.
Mshindo wenyewe niliushika mkononi:
ulikuwa mdogo, wa mpira, wa kufutia wino.

Ijumaa Hyttinen alipanda ngazi, theluji mabegani,
hakumuulizia mwenyekiti. Alitaka kuona.
Nikafungua mtoto wa meza, nikampa kaboni ile,
moja tu, niliyoitumia tangu mwanzo kwa sababu ya ubahili wa chama.
Akaiinua dirishani. Mwanga ukapita ndani ya herufi:
serikali tano, moja juu ya mgongo wa nyingine,
mawaziri wamekanyagana kama nyayo za sungura kwenye theluji.
Akasoma kwa kidole. Muda mrefu.

"Umenikosea," akasema. "Hyttinen ina *t* mbili."

Nikatazama. Kweli.

"Basi huyu aliyefutwa simjui,"
akasema, akanywa kahawa yangu hadi machicha,
akavaa kofia, akashuka.

Siagi ilivuka Jumatano.
Serikali ikaapa, picha ikapigwa, Vaskela katikati,
na mwaka ule nikaongezwa mshahara, marka chache.
Kaboni bado ninayo.
Siku hizi nikiandika jina lolote,
la mlipa kodi, la mtoto wa ubatizo, la marehemu,
kwanza nahesabu herufi.